Mafunzo ya wanaoanza shambani: kutoka jani la mkonge hadi kikapu, pamoja na sabuni na mboga kavu

MamaSinga (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila nikigusia mafunzo ya siku mbili tunayoendesha shambani kwetu Muheza, maswali yanakuja yaleyale: mnafundisha nini, mtu asiyejua kitu anaweza kuja, kwa nini mkonge na si batiki, na sabuni mnatengenezaje. Nimeona nijibu yote hapa. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka asome angalau sehemu ya sabuni kabla hajagusa kostiki (soda kali ya kutengenezea sabuni).

Nianze na msimamo wangu, maana ndio unaoendesha mambo yote kwetu. Mjini yapo mafunzo ya ujasiriamali ya siku moja. Unaingia asubuhi, unafundishwa sabuni ya maji, sabuni ya mche, shampuu, batiki, mishumaa, keki na tomato sosi, jioni unatoka na cheti na daftari lililojaa vipimo. Wengi wanaokuja kwetu wameshapita huko. Daftari wanalo. Lakini ukimwambia mtu atengeneze kitu kimoja peke yake anakwama, kwa sababu siku ile alikaa safu ya nyuma akimwangalia mwalimu akikoroga. Kwangu mimi, anayeanza ashike kitu kimoja tu, akifuate kuanzia kwenye mmea ulioota ardhini mpaka kitu anachoweza kwenda nacho sokoni. Akishakipitia kimoja hadi mwisho, cha pili atajifunza kwa nusu ya muda.

Kwa nini mkonge

Kwa sababu uko. Tanga mkonge umejaa kwenye mipaka ya mashamba, watu wameuacha uwe ua wa kuzuia ng'ombe. Malighafi haina gharama.

Vijana wengi hawajui ulifikaje. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ikapitia Hamburg, na iliyofika hai ikapandwa Kikogwe, Pangani, ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakazaliwa mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Mwaka 1964 uzalishaji ulifikia takribani tani 230,000, kisha kamba za nailoni zikaingia na bei ikaporomoka. Wazee wetu wanaukumbuka mkonge kwa jina la manamba: watu waliotolewa mikoa ya mbali kwa mkataba, wakalala kambini, wakakata majani kwa kuhesabiwa mafungu. Ndiyo maana hata leo mzazi akisikia binti yake anajifunza mkonge anauliza amekosa kazi gani nyingine. Namwelewa kabisa. Ila kazi ya shamba kubwa la mkoloni na kazi ya mama aliyekaa chini ya mwembe wake, na majani ya ua wake mwenyewe, hazifanani hata kidogo. Moja ilimtajirisha mwenye korona, yaani kiwanda cha kuchakata majani ya mkonge. Nyingine mali inabaki nyumbani.

Siku ya kwanza: singa (nyuzi za ndani ya jani)

Tunakata asubuhi, majani ya chini tu, karibu na shina. Ya juu yanaachwa mmea uendelee kukua. Mkonge mmoja hutoa majani 200 hivi, hata zaidi, katika maisha yake, halafu unatoa mlingoti, unachanua na kufa, kwa hiyo usiukate ovyo. Kitu cha kwanza kuondoa ni mwiba wa kwenye ncha, na hapo sina mzaha na mtu: unaingia jichoni kirahisi sana. Utomvu nao unawasha, hivyo nguo ya mikono mirefu ni lazima, na mwenye ngozi nyepesi avae glavu.

Jani likikatwa lisikae. Likianza kunyauka nyama yake inaganda kwenye singa na hutaitoa tena vizuri. Unalipasua kwa urefu kuwa vipande vyembamba, unalaza kipande juu ya ubao laini, unakikwangua kwa kisu butu huku ukivuta. Nasisitiza butu. Kisu kikali kinakata singa. Nyama ya kijani inatoka, singa zinabaki. Hapohapo zinaingia kwenye maji safi, zinasuguliwa mpaka maji yasitoe kijani, ndipo zinaanikwa juani. Zilizooshwa vizuri hukauka nyeupe, zilizooshwa kwa uvivu hubaki na rangi ya tope na hazishiki rangi nyingine.

Wanafunzi hushtuka wakiona kilichobaki. Singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani, yaani kilo 100 za majani zinakupa kilo 4 za singa kavu. Ukikwangua mwenyewe ndipo unaelewa kwa nini kikapu cha mkono hakiwezi kuuzwa bei ya mfuko.

Maji ya kuoshea msimwage mtoni, yanaua samaki. Makapi yanakwenda kwenye mboji, yakichanganywa na samadi na majani makavu.

Mchana ni kusokota, na hapa ndipo watu wanapokata tamaa au wanapolewa na kazi. Unachukua mafungu mawili membamba ya singa zenye unyevu kidogo, unayalaza pajani bila kugusana, unayasukuma kwa kiganja kuelekea gotini, kila moja linajisokota peke yake. Bila kuachia, unayakutanisha na kuyarudisha kwa kiganja kuelekea kwako. Sasa yanajizungusha moja juu ya jingine kwa upande wa pili. Siri yote ya kamba iko hapo: kila fungu linataka kujifungua kwa upande wake, lakini likijifungua linamkaza mwenzake, kwa hiyo hakuna linaloachia. Mwanafunzi akilielewa hili kwa kiganja chake, kamba ya aina yoyote duniani hataiogopa. Paja litachubuka siku ya kwanza. Tunaweka kanga ya zamani iliyoloweshwa.

Kuunga singa mpya: usisubiri fungu liishe lote. Likianza kuwa jembamba ingiza jipya, na mafungu mawili yasiungwe mahali pamoja. Kamba hukatikia hapo.

Rangi

Huwa natumia vya jikoni na dukani tu. Mkonge ni mmea, haushiki rangi kirahisi kama sufu ya kondoo, kwa hiyo unauandaa. Kwanza singa zinalala usiku kucha kwenye maji ya tanini: maganda ya komamanga yaliyochemshwa, au magome ya mgunga, au chai ya majani iliyokolea. Kisha zinaingia kwenye maji ya shabu, gramu 15 kwa kila gramu 100 za singa kavu. Ndipo unachemsha kwenye rangi kwa moto mdogo, saa moja hivi.

Maganda ya vitunguu maji, uzito sawa na singa, yanatoa njano ya dhahabu hadi kahawia, na rangi hiyo inakaa. Manjano inang'aa vizuri sana siku ya kwanza, lakini jua linaifuta, na mzingefuri (mbegu nyekundu za kutia rangi chakula) nao hivyohivyo, kwa hiyo sifundishi hizo mbili kwa mtu anayetaka kuuza. Ukitaka nyeusi au kijivu, loweka misumari yenye kutu kwenye siki kwa wiki moja au mbili, halafu chovya singa zilizokwisha kulala kwenye tanini kwa dakika chache. Usizidishe, chuma kinaozesha singa. Na sufuria ya rangi ibaki ya rangi. Isirudi jikoni kupikia wali.

Siku ya pili: kitako

Niwe mkweli, kiondo (kikapu cha kusuka) kizima hakiishi siku mbili, hata kwa fundi. Mwanafunzi anaondoka na kijikapu cha kuwekea vitunguu saumu, lakini amekianza mwenyewe na kukifunga mdomo mwenyewe. Kitako ndicho kigumu. Kamba za mtande (zile zinazosimama) zinapishana katikati mafungu mawili mawili, na mshindio (uzi unaozungushwa) wa nyuzi mbili unapita mmoja mbele mmoja nyuma, unapishana, unakaza. Kadiri duara linavyopanuka unaongeza mtande. Ukichelewa kuongeza, kikapu kinaanza kujikunja kuwa bakuli kabla ya wakati. Ukiwahi, kinapinda kingo. Hilo halina kipimo cha kuandika daftarini, ni jicho na vidole, na mimi nikiwa pembeni.

Sabuni

Hii tunaifanya siku ya pili wakati vidole vinapumzika. Mafuta ya nazi kilo 1 yanahitaji gramu 183 za kostiki soda ili yageuke sabuni yote. Sisi tunaweka 155, ili mafuta kidogo yabaki na sabuni isikaushe ngozi. Maji gramu 350. Pima kwa mizani ya dijitali. Kikombe na kijiko visitumike hapa.

Sikilizeni hili kwa makini. Kostiki inamiminwa ndani ya maji, kamwe maji yasimiminwe juu ya kostiki, yatalipuka usoni kwako. Chombo kiwe ndoo ya plastiki ngumu au chuma cha pua. Sufuria zetu za kawaida ni alumini, na kostiki inaila alumini huku ikitoa gesi ya haidrojeni inayowaka. Fanyia nje au penye hewa, vaa glavu na miwani, watoto wakae mbali. Maji yatapata moto yenyewe, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, ndipo umimine kwenye mafuta na kukoroga mpaka yawe mazito kama uji wa mgonjwa. Mimina kwenye kisanduku cha mbao. Ya nazi inakuwa ngumu haraka, ikate siku hiyohiyo kabla haijawa jiwe, kisha iache kwenye hewa wiki 4.

Mboga kavu

Majani ya kunde na mchicha: chovya kwenye maji yanayochemka dakika 2 au 3, chuja, tandaza kwenye vichanja vya chandarua, funika kwa kitambaa cheusi au weka kivulini penye upepo. Jua kali linaua vitamini A, na ndiyo tunayoitafuta. Zikivunjika mkononi zimekauka, zikipinda bado. Kisamvu kibichi sikikaushi hivi. Kinatwangwa na kuchemshwa vizuri kwanza, kwa sababu ya sumu yake.

Karibuni kwa maswali.

---

MdauKorogwe

Ahsante kwa uzi mama. Kwetu Hale ulijengwa mtambo wa biogesi unaotumia mabaki ya mkonge, kwa hiyo hayo makapi yana kazi nyingine. Swali: kostiki ikinimwagikia mkononi, si namwagia siki? Nilifundishwa hivyo kwenye semina.

MamaSinga

Hapana mwanangu, na tafadhali uwaambie na wenzako. Maji tu, mengi, yanayotiririka, dakika 15 hadi 20, huku umevua kilicholowa. Siki juu ya kidonda cha kostiki inaongeza joto na kukupotezea muda. Ikiingia jichoni, maji hayohayo, halafu hospitali bila kusubiri. Siki tunayo pembeni ya kufutia meza baada ya kazi.

---

Wa_Machakos

Salamu kutoka Ukambani. Dada, umeeleza kusokota vizuri sana, nimemwona nyanya yangu kabisa. Niongeze kidogo. Kabla mkonge haujaenea huku, viondo vilisokotwa kwa nyuzi za magome, ya mbuyu na ya vichaka vya porini. Mkonge ulikuja baadaye na ukachukua nafasi. Na nyanya hakuwahi kukaa akasuka tu. Alisokota akienda sokoni, alisuka akitembea, kikapu kikiwa begani na fungu la singa kwapani. Nafikiri wanafunzi wako wakikaa siku mbili wakidhani hii ni kazi ya kukaa, watapata shida nyumbani, kwa sababu muda huo hawana.

La soko pia liseme wazi. Akina mama wetu waliuza viondo ng'ambo wakasomesha watoto, halafu vikaja vya kuiga vilivyotengenezwa kiwandani Asia, na bei ikashuka. Mtu asije kwako akidhani atatajirika.

MamaSinga

Ahsante sana dada. Hilo la kusokota ukitembea naliingiza kwenye mafunzo. Tutawatoa watu wazunguke shamba na singa mkononi.

Na la soko nakubaliana nawe kabisa. Huwa siahidi mtu kipato. Anayekuja anajifunza kazi. Akiiva, soko ataliangalia akiwa na kitu mkononi, na atajua mwenyewe saa alizoweka na bei ya chini asiyoweza kushuka. Waliouziwa ndoto ya soko kwanza ndio waliokata tamaa mapema.

---

PwaniYetu

Mimi nipo Pemba. Bi mkubwa hapa nyumbani anasema mkonge ni kazi ya bara, waje wafundishwe ukindu na miyaa (majani ya minazi ya porini ya kusukia mikeka). Amenituma niandike. Makuti machanga ya ukindu yanachanwa, yanachemshwa, yanaanikwa mpaka yawe meupe, mengine yanatiwa rangi. Kisha yanasukwa ukili, yaani ukanda mrefu wa mikono mingi. Ukili ukishatosha ndipo unashonwa ukawa mkeka. Anayeanza afunzwe ukili mwembamba wa rangi moja kwanza, mapambo baadaye.

Na kamba za makumbi pia msizisahau. Makumbi ya nazi yanafukiwa kwenye matope ya pwani, bahari inapanda na kushuka juu yake kwa miezi, yakifukuliwa yanapondwa kwa mti mpaka usumba (nyuzi za kumbi) unabaki, unaoshwa, unasokotwa. Harufu ya siku ya kufukua ni kali, asitishike mtu.

MamaSinga

Nampa shikamoo bibi. Mwambie ana haki: mwenye ukindu mlangoni kwake hana sababu ya kufunga safari kutafuta mkonge. Iringa wanasuka milulu, Rwanda wanazungushia singa za mkonge juu ya nyasi wakapata kikapu cha agaseke, Waganda wanaponda gome la mutuba likawa nguo. Kila mahali pana mmea wake. Kwetu nazi zipo lakini matope ya pwani yako mbali, ndiyo maana makumbi sijayaweka. Bibi akikubali kupokea wageni, wapo wanafunzi wangu watakaovuka maji kesho.

---

Mchambuzi255

Naheshimu kazi yako, ila niulize wazi. Kamba ya nailoni dukani ni bei ndogo, ndoo ya plastiki inadumu. Kumfundisha kijana wa leo kukwangua jani siku nzima apate kiganja kimoja cha singa, unamsaidia au unamrudisha nyuma?

MamaSinga

Swali la haki, mkuu. Kama anahitaji kamba ya kufungia mbuzi leo jioni, akanunue. Sishindani na nailoni.

Lakini angalia yaliyotokea. Rwanda walipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, sisi Juni 2019. Siku ile kila mtu alihitaji kitu cha kubebea, na wengi wetu tuliishia kununua mifuko ya kitambaa laini iliyochanika baada ya safari chache, huku ua wa mkonge ukiwa nyuma ya nyumba. Kikapu cha mkonge kinabeba viazi miaka na miaka, kikichakaa kinaoza shambani. Ujuzi wa kukitengeneza ulikuwepo, ila mikono iliyoujua ilikuwa imeshazeeka. Mimi ninachofanya ni kuongeza mikono. Kijana akijua, hachagui nailoni kwa kukosa njia nyingine.

---

Msukuma_Halisi

Kwenye kukausha umetusahau Usukumani. Viazi vitamu vikimenywa na kukatwa vibichi vikaanikwa ni michembe, vikichemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa ni matobolwa. Vinakaa mpaka njaa ya kabla ya mavuno. Mtoto akipewa matobolwa shuleni haulizi biskuti.

MamaSinga

Nimefurahi sana. Viazi lishe vya rangi ya chungwa tunavyo, tutajaribu matobolwa. Ukipata nafasi eleza unene wa vipande na siku za kuanika, wengi watanufaika.

Msukuma_Halisi

Unene wa kidole kidogo. Juu ya mwamba, siyo chini, mwamba unakausha chini na juu. Jua zuri siku tatu hadi tano. Jioni unaviingiza ndani umande usivipate. Hifadhi kwenye kihenge au chombo kikavu chenye mfuniko.

---

Dada_wa_Temeke

Mimi nimepanga chumba Dar, sina shamba wala ua. Naanzia wapi kabla ya kuja? Na mwanangu ana miaka tisa, naweza kuja naye?

MamaSinga

Anza na kusokota, mdogo wangu, hakuhitaji eneo. Chukua kanga iliyochakaa, ichane vipande vya upana wa vidole viwili, usokote kwa paja kama nilivyoeleza juu, mafungu mawili, mbele na nyuma. Kitambaa kinasamehe kuliko singa, hakichubui. Ukipata kamba ya mita kadhaa iliyo sawasawa toka mwanzo hadi mwisho, ukija utashika mkonge bila tabu. Ukindu uliokwisha kuchanwa pia hupatikana kwa wanaouza mikeka, waulize.

Mtoto aje. Miaka tisa anasokota vizuri kuliko watu wazima wengi, vidole vyake havina haraka. Ila kwenye kukata majani na kwenye sabuni hatakuwepo. Muda huo anakwenda na wenzake kuokota mayai na kugeuza mboga vichanjani.

Mje na nguo za mikono mirefu zisizo na thamani, viatu vya kufunika vidole, kanga moja ya zamani, na kisu mlichokizoea, tutakifanya butu hapa. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, hatupokei watu kwa sababu singa hazikauki. Kuanzia Juni milango iko wazi.